Chini ya Maji Pana Wenyewe

Mhadhara uliotolewa Luberizi, Teritwari ya Uvira, Kivu ya Kusini



Mmeniomba nizungumze juu ya sheria ya kulinda mito na ziwa. Nitaizungumzia, lakini nitaanzia mahali ambapo wanasheria hawaanzii, yaani chini kabisa, penye tope, mawe na makombe. Mto wenu huu unashuka kutoka milimani, unakata bonde, unaingia Ruzizi. Ruzizi nayo, baada ya safari ya kilomita 117 tangu itoke Ziwa Kivu pale Bukavu, inamwagikia Tanganyika. Kwa hiyo mtu wa Luberizi anayechota mchanga mtoni, au anayelima mteremko bila kuukinga, ana jambo na viumbe wanaokaa chini ya ziwa, hata kama hajawahi kuwaona maishani mwake.

Ninayotaka kuwaambia ni haya. Sheria za nchi yetu zinamjua samaki, zinaijua dhahabu, zinayajua maji. Sakafu iliyo chini ya maji haziijui. Hakuna aliyeipa jina, hakuna aliyepewa kuilinda, na kitu kisichotajwa katika sheria hakina mtu wa kukitetea mbele ya jaji. Ndiyo maana dragi, mashine ya kufyonza dhahabu mtoni, ikishusha bomba lake, tunagombania leseni, kodi na mgao, na wakati tunagombana sakafu inaondoka.

Kuna watu waliopita njia hii kabla yetu, na habari zao zinatufaa. Katika Ghuba ya Chesapeake, pwani ya mashariki ya Marekani, chaza walikuwa wengi kiasi cha kujenga matuta ndani ya maji, kizazi kikikaa juu ya makombe ya kizazi kilichotangulia. Ikaja reki ya chuma inayokokotwa na mashua, inayozoa chaza pamoja na tuta lenyewe. Virginia iliikataza mwaka 1811, Maryland mwaka 1820. Sheria nzuri, na mapema kabisa. Lakini mwaka 1865 Maryland ilifungua mlango kwa leseni, na miaka mitatu baadaye ikalazimika kuunda polisi wa majini wa kuwalinda chaza kwa boti na bunduki, kwa kuwa fedha ilikuwa imeshakuwa na nguvu kuliko karatasi. Wavuvi waliuana kwa ajili ya chaza. Matuta yaliyojengwa kwa maelfu ya miaka yaliondoka katika muda wa babu na mjukuu.

Ujerumani nako, serikali ya Prussia ilimtuma mtaalamu wa wanyama wa chuo cha Kiel, Karl Möbius, akachunguze chaza wa pwani ya Schleswig-Holstein. Kitabu chake kilitoka mwaka 1877. Serikali ilitaka kujua namna ya kupata chaza wengi zaidi; yeye akarudi na jibu ambalo halikutarajiwa. Alisema kwamba pale chini hakuna chaza tu. Pana kaa, minyoo, sponji, samaki wadogo, mimea, wote wameshikana, na ukimwondoa mmoja kupita kiasi jamii nzima inageuka. Elimu ya ikolojia ilipata mojawapo ya mawazo yake makuu kutoka kwa kiumbe ambaye watu walimwona kuwa kitoweo tu. Elimu hiyo haikuzuia hasara: utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba asilimia 85 ya matuta ya chaza yameshapotea. Sehemu kubwa ya uharibifu huo ilifanywa kwa vyombo halali, na wenye leseni mfukoni.

Mtaniambia: hao ni chaza wa bahari, sisi bahari tunaisikia redioni. Basi sikieni ya kwetu.

Afrika ina chaza wa maji baridi. Wataalamu wanamwita Etheria, jina alilopewa na Mfaransa Lamarck mwaka 1807. Anaishi katika mito tangu Senegal hadi Nile, na katika bonde letu la Congo pia. Hupenda penye maji yanayokwenda kasi, hujibandika juu ya jiwe, na mwingine hujibandika juu yake, mpaka mwamba unavimba kwa makombe. Kule Benin, katika mto Pendjari, wanawake humvuna kwa chakula, na makombe yake huchomwa kuwa chokaa. Kiumbe huyu hana miguu. Akishajibandika amejibandika, dragi ikija hawezi kuhama kama samaki.

Tena tuna Tanganyika. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alipofika ufuoni aliokota makombe, na mwaka uliofuata yakaandikwa London kuwa aina mpya za viumbe. Yalikuwa yanafanana mno na makombe ya baharini, hata Mwingereza mwingine, Moore, aliyekuja mara mbili mwishoni mwa karne ile, akashika wazo kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Alikosea: ziwa letu halikuwahi kuwa bahari. Limekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka, kwa kina cha mita 1,470, na viumbe wake wakapata muda wa kuwa vile walivyo, bila ndugu mahali pengine popote duniani.

Mmoja wao ni konokono mkubwa aitwaye Neothauma. Akifa, kombe lake halipotei upesi, kwa sababu maji ya Tanganyika yana madini mengi na hayayeyushi chokaa. Makombe hulundikana, kizazi baada ya kizazi, yakafunika sakafu ya ziwa katika maeneo makubwa, hasa kwenye kina ambacho mwanga bado unafika. Karibu na Kigoma watafiti wameyapima na kukuta makombe ya umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Kabla ya ufalme wowote tunaousimulia katika bonde hili, kombe lile lilikuwa tayari limelala pale.

Na halikulala tupu. Ndani ya makombe hayo wanaishi samaki wadogo, aina kadhaa, ambao maisha yao yote yanategemea kombe: humo wanajificha, humo wanataga, humo wanalea. Yuko mmoja, Lamprologus callipterus, ambaye dume lake hubeba makombe kwa kinywa, moja baada ya jingine, likayakusanya mahali pamoja hata kufanya kijiji. Majike huja, kila mmoja huchagua kombe lake na kuingia. Dume lina uzito wa zaidi ya mara kumi ya ule wa jike, kwa sababu lenyewe lazima liwe na nguvu ya kubeba nyumba, na jike lazima aenee ndani ya nyumba. Tofauti kubwa namna hiyo, dume kulizidi jike, haijulikani kwa mnyama mwingine. Imetengenezwa na kombe la konokono mfu. Mimi sioni maajabu mengi duniani yanayolipita hili, na liko katika ziwa ambalo maji ya Luberizi yanafikia.

Sasa mimineni tope juu yake. Kombe likijaa mchanga, nyumba imefungwa. Dume haliwezi kulichimbua lote, jike hana pa kuingia. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu tope linaloingia Tanganyika: mahali ambapo milima imevuliwa misitu na mito inaleta udongo mwingi, viumbe wa chini ni wa aina chache kuliko mahali penye maji safi. Mwaka 2016 Cohen huyo huyo na wenzake wakaonyesha jambo la pili, zito zaidi. Ziwa linapata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na hewa ya oksijeni haifiki chini kama ilivyofika. Katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946. Maana yake sakafu inayofaa kuishi inabanwa kutoka chini na ukosefu wa hewa, na kutoka juu na tope letu. Joto la dunia halitoki Luberizi. Tope linatoka hapa, na hilo tunaweza kulizuia.

Nimesema tope, bado sijalihusisha na dragi. Niwaunganishie.

Dragi ni mashine iliyofungwa juu ya boti au mapipa. Ina mota, ina bomba, inafyonza changarawe ya chini ya mto, inaipitisha juu ya ubao wenye zulia ili dhahabu inaswe, kisha inarudisha kila kitu majini kikiwa kimevurugwa. Mahali pengine zebaki inatumika kukamata dhahabu. Kwa siku moja mto uliokuwa na mawe, mashimo na vivuli unakuwa mfereji wa uji. Mayai yaliyokuwa chini ya jiwe hayapo, na jiwe lenyewe halipo. Walio bondeni wanaona maji mekundu tu na kusema kumenyesha milimani.

Watu wa Shabunda, humu mkoani, wanajua ninachosema. Kati ya mwaka 2014 na 2015 mto Ulindi ulijaa dragi. Ripoti ya shirika la Global Witness ya Julai 2016 ilieleza jinsi kampuni ya Kun Hou Mining ilivyofanya kazi mtoni humo huku vikundi vya wapiganaji wa Raia Mutomboki vikipata silaha na fedha, na jinsi dhahabu ya Ulindi ilivyofuatwa hadi Dubai. Habari hiyo ilisomwa sana kwa sababu ya bunduki na dhahabu, na ilistahili. Lakini hakuna mahakama iliyowahi kuulizwa: sakafu ya Ulindi ilikuwa na nini kabla, na sasa ina nini?

Baada ya Shabunda ikaja zamu ya teritwari ya Mwenga. Wananchi walilalamika, mito ilichafuka, mashamba yakachimbwa, na Agosti 2021 Gavana Théo Ngwabidje alisimamisha kazi za kampuni sita za uchimbaji. Julai 2024 Gavana Jean-Jacques Purusi alisimamisha uchimbaji katika mkoa mzima. Na kabla ya wote, Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alikuwa amefunga migodi ya Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011. Nawaheshimu waliotoa amri hizo, walisikia kilio. Ila angalieni asili ya amri. Amri ya kusimamisha inamsimamisha mtu, kwa muda, mpaka karatasi zake zinyooshwe. Ikifunguliwa, dragi inarudi palepale ilipoachwa, kwa kuwa amri haikusema kwamba mahali pale hapaguswi. Tumefunga mara tatu katika miaka kumi na minne, na sakafu haijawahi kutajwa hata mara moja.

Je, hatuna sheria? Tunazo, na si mbaya. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, tena kinampa wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi kuanza. Ipo sheria ya uhifadhi wa viumbe ya 11 Februari 2014, ipo sheria ya maji ya 31 Desemba 2015. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 9 Machi 2018, inasema uchimbaji wa mikono ni wa Wakongomani waliomo katika kooperative zilizokubaliwa. Dragi nyingi zimejificha nyuma ya neno hilo, kooperative, ilhali hakuna mkono unaochimba bali mota. Nje ya mipaka tuna Mkataba wa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam Juni 2003 na Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, ukaanza kufanya kazi 2005, na mamlaka yake iko Bujumbura. Mkataba huo unataja tope waziwazi kama adui wa ziwa.

Tatizo ni kwamba uchunguzi wa athari unaandikwa na mwenye mradi. Anaandika maji, anaandika kelele, anaandika ajira. Kama hakuna sheria inayomwambia «eleza kilichopo chini, mita kwa mita, kabla hujashusha bomba», hataeleza, na ofisi inayopokea karatasi zake haina msingi wa kumrudishia.

Tazameni Lamu, Kenya. Bandari mpya ilipojengwa, njia ya meli ilichimbwa chini ya bahari, na wavuvi wakapoteza maeneo yao ya kuvulia, penye mikoko na matumbawe. Hawakuandamana tu. Walikwenda Mahakama Kuu pale Malindi, na mwaka 2018 mahakama ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikiwemo haki ya mazingira safi na haki ya kupewa habari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Nililisoma jambo hilo kwa furaha na kwa huzuni pamoja. Furaha, kwa sababu mvuvi mdogo alisikilizwa. Huzuni, kwa sababu fidia huja baada ya kuharibika, na fidia hulipwa watu. Matumbawe hayana akaunti ya benki. Lamu inatufundisha kushtaki. Sisi tunahitaji kitu kinachotangulia mashtaka.

Kwa hiyo napendekeza Bunge la Mkoa wa Kivu ya Kusini litunge sheria ya mkoa ya kulinda sakafu za maji, kwa kusimama juu ya sheria zile za taifa nilizozitaja. Isiwe ndefu. Moyo wake uwe ramani. Kila mahali penye makombe, miamba ya chaza, mazalio ya samaki, midomo ya mito inayoingia Ruzizi na ziwani, pachorwe, pawekwe jina, na pawe marufuku kwa dragi, kwa reki na kwa nyavu za kukokota. Marufuku ya mahali, isiyotegemea nani ana leseni. Leseni ya madini isiweze kuitoboa ramani hiyo bila kura ya Bunge mbele ya watu.

Nje ya ramani, atakayetaka kuchimba chini ya maji yeye ndiye athibitishe kwamba hataharibu. Leo mama anayeuza samaki Sange ndiye anaambiwa athibitishe kwamba dragi iliyoko juu yake kilomita arobaini imemharibia. Kwa elimu gani? Kwa maabara gani? Mzigo huo ukae kwa mwenye mota.

Na sheria ijue kwamba maji yanateremka. Wanaoombwa maoni kabla ya kibali wawe pia wa chini ya mto: kikichimbwa kitu milimani juu ya Luvungi, Luberizi iulizwe, na wavuvi wa Uvira waulizwe. Hata mchanga wa kujengea uingie humo. Sisemi usichotwe. Shule zinajengwa kwa mchanga, na bandari ya Kalundu haiwezi kuishi bila kuchimbiwa njia ya meli. Nasema uchotwe mahali palipoonyeshwa, wakati ambao samaki hawatagi, na kiasi chake kiandikwe. Kule Uganda, ukingo wa Ziwa Victoria pale Lwera, barabara ya Kampala kwenda Masaka, mashine zilianza kufyonza mchanga, na leo mpita njia anaona mabwawa mahali palipokuwa kinamasi. Hatuna haja ya kurudia somo hilo hapa.

Kijana mmoja wa hapa ataniuliza: «Na sisi tutakula nini, baba?» Swali hilo halina dhihaka, na jibu lisiwe la dhihaka. Dragi moja inafanya kazi ya wachimbaji wengi wa koleo kwa watu wachache sana, na faida yake haibaki kijijini. Ziwa linalisha kila siku, kuanzia mvuvi, mkaushaji, mbeba kapu, hadi mwenye pikipiki anayeleta ndagala Luvungi na Kamanyola. Mwaka 2024 nchi za ziwa zilikubali kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi walibeba njaa ya miezi mitatu. Ni dhuluma kumwambia mvuvi apumzishe wavu wake, halafu kumwacha mwingine avuruge mazalio yaleyale mwaka mzima.

Na mzee mmoja atasema: sheria gani mahali penye bunduki? Ninamwelewa, bonde hili limezika watu wengi mno. Lakini dragi si kitu cha kuficha mfukoni. Inaingia nchini kwa lori, inapita forodha, inahitaji mafuta kila siku, vipuri kila mwezi, fundi na mnunuzi. Anayeshindwa kufika Shabunda anaweza kusimama mpakani Ruzizi au Kavimvira. Sheria iseme kwamba kila dragi inayoingia mkoani iandikishwe forodhani kwa namba na jina la mwenyewe, ielezwe mto inakokwenda, na kwamba kaunta ya dhahabu inayonunua bila kuonyesha mto ilikotoka inafungwa. Bunduki inatawala mto. Haitawali kila ofisi ambayo mashine hiyo inapaswa kupita.

Ramani haihitaji kungoja sheria. Uvira kuna Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, ambacho wataalamu wake wanalijua ziwa hili tangu wakati wa wakoloni, na wanafanya kazi kwa vifaa haba kuliko inavyostahili. Wavuvi nao wanajua wapi wavu hukwama kwenye makombe, wapi nanga hupiga mwamba, wapi maji yalikuwa meupe na sasa yana uji. Wakikaa pamoja, kalamu na mtumbwi, Kalundu hadi Kavimvira hadi mdomo wa Ruzizi, watachora karatasi ya kwanza, na wabunge wetu wa Uvira wataipeleka Bunge la Mkoa ikiwa na mahali, kina na majina.

Nimeambiwa wavuvi watatu wa Kiliba wamekaa nyuma. Naomba maswali yaanze kwao, na yeyote anayejua mahali palipo na makombe karibu na mdomo wa mto aseme sasa, kuna mwalimu hapa anayeandika.